Kadi ya grafiki ya nje kwenye laptopu ya gemu: kusoma dalili na kupata kisababishi

Kadi ya grafiki ya nje huungwa kwenye laptopu kwa njia tatu: kwa kasha linalotumia poti ya Thunderbolt au USB4, kwa poti ya OCuLink, au kwa adapta inayochomekwa kwenye nafasi ya M.2 ambamo kwa kawaida hukaa diski ya SSD. Zote hufanya jambo moja, nalo ni kuitoa njia ya PCIe, yaani barabara ya data kati ya prosesa na kadi, nje ya ubao wa laptopu ili kadi ya kompyuta ya mezani ipate pa kujishika. Laptopu ya gemu ina ugumu wake wa ziada, kwa kuwa tayari imebeba kadi mbili, yaani ile iliyomo ndani ya prosesa na ile iliyofungwa kiwandani kwa ajili ya gemu, na hii unayoileta ni ya tatu. Mfumo endeshi hulazimika kuzipatia zote tatu anwani za kumbukumbu na draiva (programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi), kisha kuamua ni ipi ichore gemu na ni ipi ipeleke picha kwenye skrini.

Ndiyo maana dalili moja huweza kuwa na visababishi kadhaa visivyohusiana. Utaratibu ninaoupendekeza ni kuanza na umeme na kebo, kuendelea na poti na BIOS (programu inayoamsha mashine kabla ya Windows), na kumalizia na draiva. Wengi huanzia mwisho: hufuta draiva, huisakinisha upya, hubadilisha toleo, na hatimaye husakinisha hata Windows yenyewe, ilhali kosa liko kwenye kebo ambayo hakuna aliyeishuku. Draiva haiwezi kuzungumza na kadi ambayo njia yake haijafunguka.

Laptopu haioni kadi kabisa

Hapa unachomeka kebo na hakuna kinachotokea: Device Manager ya Windows haionyeshi kifaa kipya chini ya "Display adapters", wala hakuna kifaa kisichojulikana kilichojitokeza mahali pengine. Swali la kwanza ni kama poti yenyewe inapitisha PCIe. USB-C ni jina la umbo la tundu tu. Nyuma ya umbo hilo kunaweza kuwa na USB ya kawaida, USB inayobeba pia picha ya DisplayPort, au Thunderbolt. Poti inayotoa picha kwenye skrini ya nje huwadanganya wengi, kwa sababu kutoa picha si ushahidi wa kupitisha PCIe. Tafuta alama ya radi pembeni mwa tundu, kisha uthibitishe kwenye orodha ya sifa iliyotolewa na mtengenezaji, maana baadhi ya laptopu zina matundu mawili ya USB-C yanayofanana kabisa na ni moja tu lenye Thunderbolt.

USB4 inahitaji tahadhari zaidi. Toleo lake la kwanza, lililotangazwa mwaka 2019, halikumlazimisha mtengenezaji wa laptopu kupitisha PCIe, hivyo poti inaweza kuwa USB4 halali na bado isiikubali kadi. Laptopu za gemu zenye prosesa za AMD zilizotangulia mfululizo wa Ryzen 6000 wa mwaka 2022 kwa kawaida hazina USB4 hata kidogo. Ikiwa poti haipitishi PCIe, kwa kawaida hakuna draiva wala sasisho la BIOS litakalobadilisha hilo, na kilichobaki ni nafasi ya M.2.

Poti ikishathibitishwa, geukia kebo. Ukiona laptopu inachaji kupitia kasha lakini kadi haionekani, shuku kebo kabla ya kitu kingine chochote. Kebo nyingi za USB-C zinazokuja na simu hupitisha umeme vizuri, lakini kwa upande wa data ni za USB 2.0, na PCIe haina pa kupita humo. Kebo ya Thunderbolt 3 isiyo na chipu za kukuza mawimbi hufikisha gigabiti 40 kwa sekunde kwa urefu wa takriban nusu mita. Ikizidi hapo, aghalabu hushuka hadi 20. Anayehitaji urefu wa kufikia mita 2 kwa kasi kamili atafute kebo yenye chipu hizo, na wakati wa majaribio aichomeke moja kwa moja kwenye laptopu bila kupitia kifaa cha kuongeza poti.

Kisha angalia umeme wa kadi yenyewe. Makasha mengi huwasha pawasaplai yake pale tu yanapopokea ishara kutoka kwa laptopu, kwa hiyo feni iliyokaa kimya baada ya kuchomeka kebo haimaanishi lazima kwamba kasha limekufa. Mara nyingi inamaanisha kwamba pande mbili hazijatambuana, na unarudi tena kwenye kebo na poti. Kwenye kadi, nafasi ya PCIe hutoa hadi wati 75, plagi ya pini 6 hutoa wati 75, na ya pini 8 hutoa wati 150. Kadi yenye matundu mawili ya umeme ikipewa plagi moja itagoma kuwaka au itawasha taa ya onyo. Wanaotumia adapta ya wazi, isiyo na kasha, pamoja na pawasaplai ya kompyuta ya mezani wakitazame vizuri kichwa cha pini 8 walichokishika: cha kadi ya grafiki hugawanyika katika pini 6 na 2, cha prosesa hugawanyika katika 4 na 4, na mpangilio wa chanya na hasi kati ya viwili hivyo umegeuzwa. Umbo la plastiki limetengenezwa ili lizuie kosa hilo, lakini mtu akilazimisha kwa nguvu huweza kulishinda, na matokeo yake ni shoti. Kichwa sahihi huingia kwa msukumo wa kidole, na kindoano chake hujifunga kwa mlio unaosikika.

Baada ya hapo ndipo linakuja suala la idhini, ambalo huwahusu wa Thunderbolt na USB4 peke yao. Kifaa cha PCIe kinachochomekwa kutoka nje kinaweza kusoma kumbukumbu ya kompyuta moja kwa moja, ndiyo maana watengenezaji waliweka ngazi za usalama. Katika ngazi inayotumika sana, kifaa kipya husubiri mwenye mashine akiidhinishe kupitia programu ya Thunderbolt Control Center. Ukikosa kuiona arifa au ukiifunga kwa haraka, kadi hubaki nje ya mlango. Katika laptopu nyingine BIOS imewekewa ngazi inayoruhusu picha na USB tu, na hapo PCIe imekatwa hata kama programu inakiona kifaa. Ingia BIOS, tafuta sehemu ya usalama wa Thunderbolt, na uiweke katika ngazi ya idhini ya mtumiaji. Sioni sababu ya kuondoa ulinzi wote ilhali idhini ya mara moja inatosha. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na amri ya boltctl: kwanza "boltctl list" ili kuona kama kasha limefika na linasubiri, halafu "boltctl enroll" ikifuatwa na namba ya utambulisho wake ili likubalike daima.

Kwa OCuLink na M.2 hakuna idhini, lakini kuna sharti kali zaidi: kwa kawaida viunganishi hivi havikubali kuchomekwa mashine ikiwa imewaka. Laptopu izimwe kabisa, kebo ichomekwe, pawasaplai ya kadi iwashwe kwanza, kisha laptopu iwashwe. Kadi ikichelewa kuamka, BIOS huhesabu kwamba nafasi hiyo ni tupu na huizima hadi safari ijayo. Jaribio rahisi ni kuingia kwenye ukurasa wa BIOS mara tu laptopu inapowaka, kusubiri kidogo, kisha kutoka kwa kuwasha upya. Kama kadi inaonekana baada ya hapo, tatizo ni muda wa kuamka, na baadhi ya adapta zina swichi ndogo ya kurekebisha jambo hilo. Hakikisha pia kwamba nafasi ya M.2 ni ya NVMe, kwa kuwa zipo nafasi za SATA pekee zisizo na PCIe ndani yake.

Kadi inaonekana, ila ina alama ya onyo na Code 12

Dalili hii huzikumba laptopu za gemu kuliko nyingine, na inafaa kuelewa kwa nini. Code 12 ni namba ya kosa inayotolewa na Windows, na ujumbe wake kamili husema kwamba kifaa hakikupata rasilimali huru za kutosha. Rasilimali zinazosemwa hapo ni anwani: kila kadi ya grafiki huomba eneo la anwani ambalo prosesa itapitia ili kuifikia kumbukumbu ya kadi, na BIOS nyingi za laptopu bado hugawa maeneo hayo chini ya mpaka wa gigabaiti 4, ambapo nafasi ni finyu. Kadi ya ndani ya gemu imeshachukua sehemu yake, kadi ya prosesa imechukua yake, na mgeni anapobisha hodi hakuna chumba kilichobaki.

Anza kwa kutafuta ndani ya BIOS chaguo liitwalo "Above 4G Decoding" au jina linalokaribiana nalo, kisha uliwashe. Kwenye laptopu nyingi halipo, kwa hiyo usipoteze muda mrefu kulitafuta. Ila sasisha BIOS kabla ya kukata tamaa, kwani wakati mwingine sasisho hubadilisha namna anwani zinavyogawanywa. Kama mashine yako inaruhusu kuzima Resizable BAR, jaribu hilo pia, kwa sababu kipengele hicho huifanya kadi iombe eneo linalolingana na kumbukumbu yake yote badala ya kipande cha megabaiti 256.

Hatua inayofaulu mara nyingi ni kuiondoa kadi ya ndani ya gemu kwenye foleni. Katika Device Manager bofya kadi hiyo kwa kitufe cha kulia, chagua "Disable device", na uwashe laptopu upya huku kadi ya nje ikiwa imechomekwa. Kabla ya kufanya hivyo, hata hivyo, hakikisha skrini ya laptopu inapata picha kutoka kwa kadi ya prosesa. Laptopu nyingi za gemu zina swichi ya kielektroniki inayoweza kuiunganisha skrini moja kwa moja na kadi ya gemu. Ukiizima kadi hiyo wakati skrini inaitegemea, utabaki na giza. Rudisha kwanza hali ya mseto, ambamo skrini hutumia kadi ya prosesa, kupitia programu ya mtengenezaji au BIOS. Kumbuka vilevile kwamba poti ya HDMI ya laptopu za aina hii mara nyingi imeungwa kwenye kadi ya gemu, kwa hiyo skrini iliyochomekwa hapo itazimika nayo. Hilo si hitilafu mpya.

Wenye Thunderbolt wanaweza pia kujaribu kubadilisha wakati wa kuchomeka. Kuna mashine ambazo hutoa Code 12 kadi ikiwepo tangu mwanzo, lakini huipokea vizuri ikichomekwa baada ya Windows kufunguka, na nyingine ni kinyume chake. Njia ya mwisho inayotajwa sana ni kulibadilisha jedwali liitwalo DSDT, ambalo BIOS hulitumia kuielezea Windows vifaa vya mashine, ili Windows ipate eneo kubwa juu ya gigabaiti 4. Inafanya kazi, lakini kwa kawaida hulazimu kuiweka Windows katika hali ya majaribio ya saini, ambamo ukaguzi wa saini za programu hulegezwa, na gemu nyingi za mtandaoni zenye kinga dhidi ya udanganyifu hukataa kufunguka katika hali hiyo. Kwa mtu aliyenunua kadi ili acheze gemu hizo, ushauri wangu ni kuacha.

Code 43 na draiva isiyokaa

Code 43 humaanisha kwamba anwani zimepatikana, draiva imepakiwa, kisha draiva yenyewe ikaripoti kwamba kadi haijibu inavyotakiwa. Visababishi hugawanyika pande mbili, na ni muhimu kujua uko upande upi. Upande wa vifaa kuna umeme pungufu, kebo inayopoteza data, au kadi mbovu. Upande wa programu kuna mabaki ya draiva za zamani na migongano ya matoleo. Njia ya haki ya kuzitenganisha ni kuijaribu kadi kwenye kompyuta ya mezani. Ikifanya kazi huko bila shida, kadi imetoka kwenye orodha ya watuhumiwa, na umejiokolea kazi kubwa.

Kwa upande wa programu, safisha kwa kina. Pakua kwanza draiva mpya na uihifadhi, kata intaneti ili Windows isijiletee draiva yake yenyewe, ingia katika hali salama, kisha tumia programu ya Display Driver Uninstaller kufuta kila kilichobaki. Kadi ya ndani na ya nje zikiwa zote za Nvidia, zitatumia draiva moja, na hapo ndipo tofauti ya umri huleta tatizo. Tawi la 580 la draiva za Nvidia ndilo la mwisho linalohudumia familia za Maxwell, Pascal na Volta. Laptopu yenye GTX 1060 ndani na kadi mpya ya mfululizo wa RTX nje inaweza kutumia tawi hilo kwa zote mbili, lakini ukisakinisha tawi la baadaye, kadi ya ndani hupoteza draiva. Na ukirudisha la zamani mno, ni ya nje inayogoma. Chagua toleo linalozitambua zote mbili, au uzime ya ndani moja kwa moja. Kadi za kampuni tofauti, kwa mfano Nvidia ndani na AMD nje, kwa kawaida huishi pamoja bila ugomvi kwa kuwa kila moja ina draiva yake.

Kila kitu kinawaka, lakini gemu ni nzito

Hili ndilo lalamiko lililo gumu kuliko yote, kwa sababu sehemu yake ni hitilafu na sehemu yake ni maumbile ya mpango wenyewe. Anza kwa kuhakikisha kwamba gemu inachorwa na kadi ya nje. Fungua Task Manager wakati gemu inaendelea, na utazame GPU 0, GPU 1 na GPU 2: moja inapaswa kuwa na kazi nyingi, na jina lake limeandikwa pembeni. Kama ni ya ndani, nenda kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya System, kisha Display, kisha Graphics, uongeze gemu hiyo na uichagulie kadi. Baadhi ya gemu zina chaguo lao wenyewe ndani ya menyu ya picha, na chaguo hilo linaweza kupingana na la Windows.

Baada ya hapo pima njia. Programu ya GPU-Z ina mstari uitwao "Bus Interface", ambao unaweza kusomeka hivi: "PCIe x16 4.0 @ x4 3.0". Sehemu iliyo kabla ya alama ya @ ni uwezo wa kadi. Iliyo baada yake ndiyo hali halisi ya sasa, yaani njia 4 za kizazi cha 3. Kadi ikiwa imetulia hushusha kizazi ili kuokoa umeme, kwa hiyo bonyeza alama ya kuuliza iliyo pembeni ili programu iipe kazi kabla ya kusoma. Ukiona x1 mahali pa x4, kebo au kiunganishi hakijakaa sawasawa, au umetumia nafasi ya M.2 ya Wi-Fi. Ukiona x2, huenda ndivyo laptopu ilivyoundwa, kwani baadhi ya laptopu za awali zenye Thunderbolt 3 zilipewa njia mbili tu. Kupitia Thunderbolt mstari huo wakati mwingine huonyesha "x4 1.1" ingawa kasi halisi ni kubwa zaidi, hivyo usiuamini peke yake, jaribio la PCI Express lililomo ndani ya 3DMark hupima data inayopita kwa kweli.

Matokeo hayo yalinganishwe na kinachowezekana. Thunderbolt 3 hutangazwa kwa gigabiti 40 kwa sekunde, lakini kwa data ya PCIe kinachobaki ni takriban 22. Thunderbolt 4 imebaki kwenye 40 zilezile kwa jumla, na Thunderbolt 5, iliyotangazwa mwaka 2023, imeongeza nafasi ya PCIe hadi 64. OCuLink yenye njia 4 za kizazi cha 4 hutoa kiasi hichohicho cha 64 bila gharama ya kufungasha na kufungua data, ndiyo sababu wapenzi wa kasi huivumilia licha ya kwamba haichaji laptopu wala haikubali kuchomolewa ovyo.

Kisababishi kikubwa zaidi cha uzito, na kinachosahaulika kuliko vyote, ni skrini ya laptopu. Ukicheza kwenye skrini hiyo, kila fremu iliyochorwa na kadi ya nje hurudi ndani kupitia kebo ileile inayopeleka data ya gemu, na pande hizo mbili hugombea nafasi finyu. Chomeka skrini ya nje kwenye poti ya HDMI au DisplayPort ya kadi yenyewe, si ya laptopu, na uifanye kuwa skrini kuu. Mara nyingi hatua hiyo moja hurudisha fremu nyingi kuliko mabadiliko yote ya draiva. Pia upungufu huonekana zaidi katika mwonekano wa 1080p wenye fremu nyingi kwa sekunde, na hupungua katika 4K, ambapo kadi hukaa muda mrefu zaidi ikichora kila fremu na njia hupata nafasi ya kupumua. Kwa hiyo mtu aliyepunguza ubora wa picha akitarajia wepesi anaweza kushangaa kuona hajapata chochote.

Umeme wa laptopu nao una lake. Kasha linalochaji kwa wati 85 au 100 linatosha kwa laptopu nyembamba, lakini laptopu ya gemu iliyozoea chaja ya wati 230 huiona kama njaa: hupunguza nguvu ya prosesa, na betri inaweza kushuka taratibu hata ikiwa imechomekwa. Tumia chaja ya asili sambamba na kasha. Laptopu itachagua chanzo chenye nguvu zaidi. Toa pia diski na adapta za mtandao zilizochomekwa nyuma ya kasha, maana zinatumia kebo hiyohiyo. Kwa wenye kadi za Intel Arc kuna kikwazo cha pekee: kadi hizo hutegemea sana Resizable BAR, na pale ambapo laptopu haiwezi kuiwasha kupitia Thunderbolt, kushuka kwa kasi ni kukubwa na hakuna mpangilio utakaokufidia.

Ukishapita yote hayo na tofauti kati ya kadi ya ndani na ya nje ikabaki ndogo, huenda hakuna kilichoharibika. Kadi ya nje iliyo ngazi moja tu juu ya ile ya ndani, ikipitia Thunderbolt 3 na kurudisha picha kwenye skrini ya laptopu, inaweza kupoteza faida yake yote njiani.

Kadi hukatika katikati ya gemu

Hapa skrini huwa nyeusi, sauti ya kifaa kuchomolewa husikika, au laptopu huganda. Usikisie, fungua Event Viewer na utazame kumbukumbu ya System kwa dakika ile ya tukio. Ukikuta maonyo mengi ya WHEA-Logger (kirekodi cha Windows cha makosa ya vifaa) yenye namba 17, yakitaja PCI Express Root Port, njia inapoteza data na kuirekebisha tena na tena hadi inaposhindwa. Hili ni jambo la kawaida kwa OCuLink na M.2 katika kizazi cha 4, ambacho hakivumilii kebo ndefu wala mkunjo mkali. Inyooshe kebo, ikandamize hadi lachi zijifunge pande zote mbili, na kama BIOS inaruhusu, ilazimishe nafasi hiyo iwe kizazi cha 3. Maonyo yakitoweka, una jibu: njia thabiti ya kizazi cha 3 ni bora kuliko ya kizazi cha 4 inayokatika.

Ukikuta badala yake tukio namba 4101, linalosema draiva ya skrini iliacha kujibu kisha ikarudi, shuku umeme, joto au draiva. Jaribio linalotenganisha haya ni kupunguza kikomo cha umeme cha kadi hadi asilimia 70 kwa kutumia programu ya MSI Afterburner na kucheza gemu ileile. Ikitulia, pawasaplai haimudu miruko ya ghafla ya matumizi au kadi inapata joto ndani ya kasha lisilopitisha hewa. Tazama kipimo cha joto ili ujue ni lipi. Katika mipangilio ya umeme ya Windows zima pia "Link State Power Management" chini ya PCI Express, kwa kuwa njia inayosinzia kati ya fremu huweza kukosa kuamka.

Kukatika baada ya laptopu kutoka usingizini ni jambo tofauti, na kwa kweli sijaona dawa yake inayofaa kila mashine. Kuzima "Fast startup" husaidia, kusasisha programu dhibiti ya Thunderbolt husaidia pia, lakini anayetaka utulivu azime laptopu badala ya kuilaza kadi ikiwa imechomekwa.

Laptopu haiwaki kadi ikiwepo

Laptopu ikikwama kwenye nembo ya mtengenezaji, zima ndani ya BIOS msaada wa Thunderbolt kabla ya mfumo kufunguka, kisha chomeka kadi baada ya kufika kwenye Windows. Kwa M.2 na OCuLink kebo ichomekwe kabla ya kuwasha laptopu, na uhakikishe kadi imepata umeme kwanza. Na kama laptopu imewaka vizuri ila sauti imepotea, kadi imeleta kifaa chake cha sauti cha HDMI na Windows ikakifanya kuwa cha msingi. Chagua spika zako upya.

Kuchomoa

Makosa mengi ya Code 43 yanayotokea siku ya pili huanzia kwenye kebo iliyovutwa siku ya kwanza. Kwa Thunderbolt tumia ikoni ya kuondoa kifaa kwa usalama, au ile ya Nvidia iliyo kwenye upau wa chini, na usubiri jina la kadi litoweke. Windows ikikataa kwa maelezo kwamba kifaa kinatumika, kuna programu iliyoishikilia kadi, na mara nyingi ni kivinjari au programu ya kuzindua gemu iliyobaki wazi nyuma ya pazia. Ifunge kupitia Task Manager kisha urudie. Kwa OCuLink na M.2 zima laptopu kabisa kwa kuchagua "Shut down" huku umeshikilia kitufe cha Shift, subiri taa zizimike, zima pawasaplai ya kadi, ndipo uiguse kebo.